Kesi Kumi Dhidi ya Piano

Mlalamikaji ni hapsikodi, mzee wa nyumba za kifalme, kazi yake kudonoa nyuzi. Mshtakiwa ni piano, mzaliwa wa Florence, kazi yake kugonga nyuzi kwa nyundo. Shtaka: kupiga muziki wa Bach, Scarlatti, Couperin, Handel na Rameau, ambao sehemu kubwa haukuandikwa kwa ajili yake, tena mbele ya watu waliolipa kiingilio.

Kesi hii imeunguruma zaidi ya miaka mia moja na mawakili wa pande zote wameshaota mvi. Kwa mliochelewa kufika: ndani ya hapsikodi, ukibonyeza, kijiti cha mbao kinapanda kikiwa kimebeba kipande cha unyoya wa ndege, na unyoya unadonoa uzi. Bonyeza kwa adabu, bonyeza kwa hasira, sauti ni ile ile. Mpenzi wa taarabu hatapata shida hapo: ni kanuni iliyowekewa vibonyezo. Piano ilikuja pale Bartolomeo Cristofori, fundi wa vinanda wa ukoo wa Medici, alipotoa unyoya akaweka nyundo, karibu mwaka 1700. Tangu hapo kidole kikawa na kauli. Gusa kidogo, inanong'ona; shusha mkono, inafoka. Bach wakati huo alikuwa na miaka 15 na hakuwa na habari.

Tutasikiliza kesi kumi, kuanzia ile ya kutupwa nje hadi ile ya kunyonga. Hakimu ni mimi. Simu zizimwe.

10. Kiti cha Glenn Gould

Mwaka 1955 kijana wa Kanada mwenye miaka 22 aliingia studio ya Columbia mjini New York akiwa na kiti cha kukunja ambacho baba yake alikifupisha miguu. Akakaa kama sentimita 35 juu ya sakafu, pua karibu iguse vibonyezo, akarekodi Goldberg Variations za Bach kwa dakika 38 hivi huku anajiimbia. Uimbaji huo unasikika kwenye sahani hadi leo. Mwaka 1981 alirudia kazi hiyo hiyo, safari hii dakika 51, na bado anaimba.

Maadui wa piano hukileta kiti hicho mahakamani kama kielelezo A: eti tazameni piano inavyowafanya watu. Gould huyo huyo alirekodi suti za Handel kwa hapsikodi mwaka 1972, na hakuna aliyesema hapsikodi ilimtuliza.

Kiti si piano. Imetupwa.

9. Wizi wa kitambulisho

Karibu kila mwanafunzi wa piano, awe Nairobi, Moshi au Muscat, hupitia ile minueti ya G iliyomo kwenye daftari la Anna Magdalena Bach la mwaka 1725. Mzazi anarekodi kwa simu, anaandika "mwanangu anapiga Bach", anarusha kwenye kundi la ukoo. Siyo Bach. Ni Christian Petzold, mpiga ogani wa Dresden, na wataalamu wamelijua hilo tangu miaka ya 1970. Piano haihusiki kabisa, na mashangazi wameshaweka alama za moyo, kwa hiyo tusiharibu sherehe.

8. Nusu toni iliyopotea

Leo vyombo vingi duniani vinakubaliana kwamba noti ya A itetemeke mara 440 kwa sekunde. Wapigaji wa vyombo vya kale hupenda 415, nusu toni chini. Kwa masikio yao, Bach akipigwa kwenye piano amepandishwa cheo bila kuomba.

Hoja inavutia mpaka uulize Bach mwenyewe alitumia ipi. Enzi zake kila mji ulikuwa na A yake, na mara nyingi ogani ya kanisani na vyombo vya chumbani vya mji huo huo havikupatana. Hiyo 415 ni mapatano ya karne ya 20, imependwa kwa sababu inaangukia nusu toni kamili na kurahisisha maisha ya watu. Isitoshe, piano nyingi za kumbi zetu za shule na makanisa, zile ambazo fundi alizigusa zamani sana, zimeshaanza safari ya kuelekea 415 zenyewe, kila uzi kwa ratiba yake.

Imefutwa kwa kukosa ushahidi wa pamoja.

7. Unene

Hapsikodi ya kawaida watu wawili wanaibeba na wanabaki marafiki. Piano kubwa ya ukumbini ina urefu wa karibu mita 2.7, uzito wa nusu tani hivi, na fremu ya chuma cha kusubu inayohimili mvuto wa nyuzi unaokaribia tani 20. Fremu ya namna hiyo ya kipande kimoja ilisajiliwa hataza na Alpheus Babcock mwaka 1825, miaka 75 baada ya Bach kuzikwa.

Mwendesha mashtaka ana hoja hapa, tena nzito. Chukua Les Barricades mystérieuses ya François Couperin, ya mwaka 1717. Imekaa yote katikati na chini ya kibodi. Kwenye hapsikodi kila uzi unaingia na ncha yake, kwa hiyo sauti zinapishana bila kupoteana. Kwenye piano kubwa nyuzi nene za besi zinavurugana mpaka hujui nani kasema nini. Marcelle Meyer na baada yake Alexandre Tharaud walionyesha kwamba Couperin anaweza kuishi ndani ya piano, ila kwa mikono myepesi ambayo wengi wetu hatujajaliwa. Mahakama inampa Couperin haki ya kununa.

Sasa utetezi unamwita shahidi mkuu wa mashtaka, Wanda Landowska, mama wa Kipolandi aliyeifufua hapsikodi mwanzoni mwa karne ya 20 na kurekodi Goldberg nzima mwaka 1933. Mama, hapsikodi yako imetoka wapi? Kwa Pleyel wa Paris, mwaka 1912. Pleyel si watengenezaji wa piano? Ndio hao. Ndani ina fremu ya nini? Chuma. Na hapo chini miguuni? Pedali, saba. Ukumbi ukaangua kicheko, hakimu akagonga nyundo kutuliza watu, na nyundo, tukumbushane, ni ya upande wa mshtakiwa.

Kuhusu uzito wenyewe, adhabu ilishatolewa. Mwanzoni mwa mwaka 2020 huko Berlin wabebaji waliiangusha piano ya Fazioli ya Angela Hewitt, Mkanada anayejulikana dunia nzima kwa Bach. Fremu ikavunjika na piano ikatangazwa haitengenezeki. Hapsikodi ikianguka unapata kuni. Piano ikianguka unapata taarifa ya habari.

6. Ghorofa moja badala ya mbili

Bach alipochapisha Goldberg mwaka 1741 aliandika wazi kwenye jalada kwamba ni za hapsikodi yenye kibodi mbili. Kati ya vipande vyake 30, vipande 11 alivitaja kuwa vya kibodi mbili bila mjadala, na vitatu akamwachia mpigaji achague moja au mbili. Mkono wa kulia unashuka, wa kushoto unapanda, kila mmoja ghorofani kwake, hakuna anayemkanyaga mwenzake.

Piano ina ghorofa moja. Nenda kipande cha 14 au cha 20 uone kinachotokea: kidole gumba cha kulia kinataka kibonyezo ambacho kidole cha kati cha kushoto hakijakiachia bado. Lazima mkono mmoja upite juu, kiwiko nje, na mwingine utambae chini yake ukiwa bapa, kisha wote watoke salama kabla ya noti inayofuata. Kwa karibu unaonekana ugomvi wa kugombea kiti kwenye daladala. Wapigaji huandika kwa penseli, kipimo kwa kipimo, mkono upi juu na upi chini. Wengine huhamisha noti chache kutoka mkono huu kwenda ule. Msikilizaji haoni, na Bach hayupo kulalamika.

Emánuel Moór, Mhungaria, alichoka na ugomvi huo akabuni piano yenye kibodi mbili. Steinway moja ya aina hiyo, ya mwaka 1929, iko Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, na Christopher Taylor ameipigia Goldberg. Dunia ilisema ahsante sana, ikaendelea kugonganisha vidole.

Domenico Scarlatti, kwa upande wake, alipishanisha mikono hata pale ambapo hapakuwa na haja yoyote. Huyo hakuwa na shida ya ghorofa, alitaka kuonwa.

Hatia ndogo. Faini: mazoezi.

5. Mapambo

Mwaka 1720 Bach alimwanzishia mwanawe Wilhelm Friedemann daftari la mafunzo, na kurasa za mwanzo akaweka jedwali la alama: alama yenyewe juu, namna ya kuipiga chini yake. Mtoto alikuwa na miaka tisa na alielewa. Miaka 300 baadaye watu wazima wenye shahada bado hawasalimiani kwa sababu ya trili.

Trili ya enzi hizo kwa kawaida inaanzia noti ya juu, pale pale pigo linapoanguka, ili isuguane na besi kwanza ndipo itulie. Msuguano huo ndio utamu wake. Ukianzia noti ya chini, kama wengi tulivyozoeshwa na muziki wa karne ya 19, unabaki na mtikisiko mzuri usio na chumvi. Mwanafunzi wa Nairobi au Dar es Salaam anayejiandaa kwa mtihani wa ABRSM anazijua vizuri alama hizi: ndizo mwalimu anazozizungushia kalamu nyekundu, naye huzipita kama hajaziona, kwa matumaini kwamba mtahini naye amechoka.

Piano inaingiaje hapo? Kwa vibonyezo. Kibonyezo chake kinazama karibu sentimita moja na kinasukuma msururu wa vipande vya mbao hadi nyundo. Cha hapsikodi ni chepesi na safari yake ni fupi. Mapambo ambayo Couperin aliyamwaga kila mahali bila jasho, kwenye piano yanageuka kibarua, hasa kwa kidole cha nne na cha tano, ndugu wawili wasiowahi kuelewana. Ukiyapiga yote kwa nguvu ya kawaida, pambo linakuwa zito kuliko kitu kinachopambwa. Dawa inajulikana: punguza idadi ya mitikisiko, lainisha mkono, na ukumbuke kwamba pambo likikosekana si dhambi lakini likichelewa ni aibu.

Couperin huyo huyo, katika kitabu chake cha mwaka 1716 kuhusu namna ya kugusa hapsikodi, alimshauri mpigaji mwenye tabia ya kukunja uso aweke kioo juu ya kinanda na kujitazama. Kifungu hicho hakijafutwa. Jaribu trili ya kidole cha nne na cha tano mbele ya kioo, utaelewa kwa nini.

Piano inapewa nafuu. Kidole cha nne kinabaki rumande.

4. Karatasi zenye maneno mengi

Fungua nakala safi ya Bach na ukimya utakushtua. Hakuna kasi, hakuna "ongeza sauti hapa", hakuna "kwa huzuni", isipokuwa mahali pachache, kama Italian Concerto ya 1735 ambako aliandika forte na piano kuonyesha ni kibodi ipi inashika zamu. Mengine yote alimwachia mpigaji, maana aliamini mpigaji ana akili.

Karne ya 19 haikuvumilia ukimya huo. Carl Czerny alitoa toleo lake la zile preludi na fuga 48 za Bach, zilizo katika vitabu viwili, mwaka 1837, limesheheni alama za kasi na za sauti, akijitetea kwamba baadhi zimetokana na kumbukumbu ya jinsi alivyomsikia Beethoven akizipiga. Ferruccio Busoni alifuata mwaka 1894 na kitabu cha kwanza, akiwa na maelezo marefu chini ya kurasa, na akaendelea kufasiri na kupanga upya kazi za Bach kwa piano mpaka, inasimuliwa, mkewe alitambulishwa mahali fulani kama Bi. Bach-Busoni.

Lakini mfalme wa viherehere ni Christian Friedrich Gottlieb Schwencke. Yeye aliitazama preludi ya kwanza ya C, akaona kama kuna kipimo kimeruka, akatia chake. Kikanakiliwa toleo hadi toleo. Charles Gounod alipotunga ile Ave Maria yake juu ya preludi hiyo, alitumia nakala yenye nyongeza. Kwa hiyo kila harusi inapopigwa Ave Maria ya Gounod, bwana Schwencke yuko ukumbini bila kadi ya mwaliko.

Washtakiwe wahariri. Piano ilikuwa inasoma tu kilichoandikwa.

3. Pedali

Hapa vicheko vipungue kidogo.

Pedali ya kulia ya piano inainua vizimio vyote kwa mpigo mmoja, na kila uzi uliogongwa unabaki unalia. Hapsikodi haina kitu hicho. Bach alikuwa na pedali, tena nyingi, ila zilikuwa za ogani na alizipigia noti kwa miguu yote miwili. Hakuzitumia kufunika noti zilizotoroka.

Kaa kwenye piano upige kipimo cha kwanza cha preludi ya C ndogo, kitabu cha kwanza, huku umekanyaga mwanzo hadi mwisho. Kila mkono una noti 16. Baadhi ni wenye nyumba, baadhi ni wapita njia walioingia kusalimia na kutoka. Ukikanyaga, wapita njia nao wanakaa kitako na kudai chakula. Sasa toa mguu urudie. Ghafla kuna mikono miwili, kuna besi, kuna mdundo unaosukuma. Hakuna noti iliyobadilika.

András Schiff, Mhungaria aliyezaliwa mwaka 1953, ameuondoa mguu kabisa kwenye Bach. Rekodi yake ya zile 48 iliyotoka mwaka 2012 haina pedali hata tone. Sauti zake hata hivyo zimeungana, na siri iko vidoleni: noti inashikiliwa na kidole cha tatu, cha tano kinateleza juu ya kibonyezo hicho hicho bila kukiachia, cha tatu kinatoroka kwenda kazini kwingine, na uzi haujui kwamba umebadilishiwa mlinzi. Wapigaji wa hapsikodi wamefanya hivyo karne nyingi. Akodi iliyovunjwavunjwa huishika kwa vidole noti moja moja mpaka zote zinasikika pamoja. Wanaofikiri kukataa pedali ni kutaka ukavu hawajawahi kumsikia mpiga hapsikodi mzuri.

Mimi si mtu wa itikadi kali. Hewitt hukanyaga kidogo na Bach wake bado yuko wazi. Kwenye chumba kikavu chenye zulia na mapazia, mguso mwepesi katikati ya sarabande haujaua mtu. Ila angalia jengo kwanza. Ndani ya yale makanisa ya mawe yaliyoachwa na wamisionari, dari juu na sakafu tupu, jengo lenyewe limeshakanyaga pedali kwa niaba yako.

Kuna hatia, na mwenye hatia ni mguu wa kulia. Unapewa dhamana kwa sharti la kuripoti mwanzo wa kila kipimo.

2. Kufoka

Uwezo wa kupandisha na kushusha sauti ndio mali kubwa ya piano, na ndiko inakoharibu zaidi.

Fuga ni wazo moja fupi la muziki linaloingia peke yake, likadakwa na sauti ya pili, kisha ya tatu, pengine ya nne, na kila sauti inaendelea na habari zake huku wenzake wakizungumza. Kwenye hapsikodi huwezi kuinua sauti ya katikati juu ya nyingine hata ukilia. Mpigaji ana muda na mkato, basi. Anachelewesha noti kidogo mno, anaiachia iliyotangulia mapema kuliko ulivyotegemea, na sikio lako linageuka lenyewe. Mpiga piano hahitaji mateso hayo: anaegemea kidole kimoja, kwisha. Urahisi huo umewaharibu wengi.

Fuga ya C kubwa ya kitabu cha kwanza ina vipimo 27. Wazo lake kuu linaingia mara 24. Mpiga piano aliyekaririshwa kwamba lazima "alitoe wazo" kila linapoingia atafoka mara 24 ndani ya dakika mbili tatu. Mara ya tatu msikilizaji ameshalishika. Mara ya tisa anatafuta mlango. Na wakati wazo linafoka, sauti nyingine tatu, ambazo ndizo zinazotoa jasho, zinazikwa hai. Jaribu kinyume chake: wazo likiingia kwa mara ya kumi liache lipite kwa sauti ya chini, umwegemee jirani yake anayelijibu. Piano inaweza hilo na hapsikodi haiwezi, lakini ni wachache wanaolitumia.

Wakubwa walijitoa mtegoni kila mmoja kwa njia yake. Gould alizikata noti zikawa kavu, zenye ncha, akaitoa ndani ya piano hapsikodi ya kufikirika ambayo hakuna fundi aliyewahi kuitengeneza. Rosalyn Tureck, Mmarekani aliyempiga Bach kwenye piano na kwenye hapsikodi pia, alitembea polepole na kuipa kila sauti rangi yake, kwa subira ambayo wengine huiita usingizi. Mimi namtetea.

Tusisahau pia klavikodi, kinanda kidogo cha chumbani ambacho Carl Philipp Emanuel, mwana wa Bach, alikipenda kuliko vyote. Kinafuata nguvu ya kidole, kinapanda na kushuka, kinatetemesha hata noti moja, ila kwa mnong'ono tu. Mtu akikohoa, onyesho limekwisha. Kwa hiyo anayedai kwamba kidole chenye hisia ni uzushi wa piano, klavikodi inamwombea muda wa kusema. Sogeeni karibu, vinginevyo hamtaisikia.

Hatia kamili, kwa wapigaji. Chombo kimeachiwa.

1. "Bach asingekubali"

Hii ndiyo kesi ya kunyonga, ile inayotolewa na mjuzi wakati wa mapumziko ya onyesho, glasi mkononi, sauti ya juu kidogo ili meza ya pili isikie.

Mashtaka yanaanza vizuri. Gottfried Silbermann, fundi wa Saxony, alimwonyesha Bach piano zake za mwanzo. Kwa mujibu wa Johann Friedrich Agricola, mwanafunzi wa Bach, mzee alisifu sauti lakini akasema noti za juu ni dhaifu na vibonyezo ni vizito. Silbermann akanuna muda mrefu. Mwendesha mashtaka anakaa chini akitabasamu.

Wakili wa utetezi anamwomba asome mpaka mwisho. Agricola anaendelea kusema kwamba Silbermann alirudi karakana, akarekebisha, na Bach akaziridhia. Mei 1747, akiwa na miaka 62, Bach alifika Potsdam kwa Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia, aliyekuwa na piano kadhaa za Silbermann. Mfalme akampa wazo gumu, Bach akalitungia fuga papo hapo kwenye piano, mbele ya watu. Mwaka huo huo akachapisha Musical Offering, akilichambua wazo lile lile la mfalme.

Wakili huyo bado anayo risiti. Mei 1749, mwaka mmoja kabla ya kufa, Bach alitia saini kupokea thaler 115 kwa chombo kilichoandikwa Piano et Forte, kilichokuwa kinakwenda kwa kabaila Branicki wa Białystok, Poland. Yaani huyu mzee tunayeambiwa asingekubali piano alikuwa anaiuza.

Mashtaka yanajaribu kuhamia Italia na Hispania. Wangebaki Saxony. Lodovico Giustini alichapisha sonata 12 za piano huko Florence mwaka 1732, Bach na Handel wakiwa hai na wazima. Malkia Maria Bárbara wa Hispania, mwanafunzi wa Scarlatti na mmiliki wa nakala nyingi za sonata zake 555, aliacha piano za Florence miongoni mwa vinanda vyake. Ndiyo maana sioni haya kumsikiliza Martha Argerich kwenye sonata K. 141, ile inayorudia noti moja sita sita kwa kasi ya kutisha. Anaiweza kwa sababu ya vidole vyake na kwa sababu ya mtambo wa Sébastien Érard wa mwaka 1821, unaoruhusu nyundo irudie kabla kibonyezo hakijafika juu. Scarlatti angeuliza unauzwaje.

Na Bach mwenyewe hakuwahi kuona haya kuhamisha muziki. Concerto ya Vivaldi ya violini nne aliihamishia kwa hapsikodi nne. Mtu wa namna hiyo hana sura ya kukulalamikia kuhusu chombo.

Utetezi usijisahau, hata hivyo. Piano ya Silbermann ilikuwa ya mbao, nyepesi, ya nyuzi nyembamba na sauti fupi. Risiti ya mwaka 1749 hailipii nusu tani ya chuma. Bach aliridhia wazo la piano. Hii tuliyo nayo hakuiona. Kwa hiyo anayeketi mbele yake na kumpiga Bach ana wajibu mmoja: ajue hapsikodi ingefanya nini mahali hapo, wapi ingekata, wapi ingeshikilia, wapi ingenyamaza, ndipo aamue kwa vidole vyake. Asiyejua hilo hata akipewa hapsikodi ya mwaka 1720 atafoka tu, kwa sauti ndogo zaidi.

Hukumu: piano imeachiwa huru. Wasikilizaji mliofurika mahakamani, msirudi nyumbani na maneno yangu. Tafuteni aria ya Goldberg, ile ya mwanzo kabisa, muisikilize kwa Landowska wa mwaka 1933 na kisha kwa Gould wa mwaka 1981, zote kwa kikao kimoja, mtu asiongee katikati. Rufaa zinapokelewa ndani ya siku 14. Mguu wa kulia unaendelea kuripoti.